Punguzeni, Watu Wanafanya Kazi

Kwako Mwenye Nyumba Wetu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na masikio mazima. Yangu bado yapo, ingawa siyaamini tena. Mimi ni yule fundi saa wa chumba cha mbele, mpangaji wako wa miaka mingi. Ulipowapangisha wale vijana wa muziki wa roki chumba cha nyuma yangu, ulitutangazia sote kwamba lalamiko moja tu la maandishi kutoka kwa jirani lingetosha kuwatoa. Sijasahau. Lalamiko lenyewe ndilo hili, nami nimelipanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Kelele. Kazi yangu ni ya kusikiliza. Saa ikiugua haipigi mayowe. Lazima uisogeze sikioni. Wiki iliyopita nilikuwa nimeifungua saa ya mwalimu mkuu, mwenyewe akiisubiri, ngoma ikapigwa ghafla, skrubu ikaruka. Tukaitafuta sote wawili kwa magoti, yeye na tai yake. Tuliikuta ndani ya kikombe changu cha chai, nami nilikwisha kunywa nusu.

2. Namna yao ya kufanya kazi. Lebo yao, yaani kampuni yao ya kurekodi muziki, ni ndogo: mkurugenzi ndiye mpiga gitaa, ndiye mbandika matangazo, na ndiye mfagiaji. Lakini kwa msimamo hawajambo! Wanashikilia kwamba wimbo lazima urekodiwe na wote kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, bila kuungaunga viraka. Mmoja akikosea, wanaanza upya. Na mpiga besi hukosea. Hivyo wimbo huohuo naupata asubuhi, mchana na jioni, hadi nimejua kwamba besi huchelewa kwenye ubeti wa pili. Elimu hiyo sikuiomba.

3. Siku moja uvumilivu uliniishia. Nikasukuma mlango wao nikafoka, "Punguzeni! Watu wanafanya kazi!" Kumbe siku hiyo ndiyo mpiga besi hakukosea hata kidogo. Wakasema bahati kama ile hairudi mara mbili, wakaniacha humohumo kwenye rekodi. Sasa santuri imetoka, nami nimo, kati ya ubeti wa pili na ngoma. Kwenye jalada wameandika, "Ukali: Jirani." Wanadai niliingia sawasawa na mapigo. Mimi ni fundi saa, ndugu yangu. Ningeingiaje vinginevyo?

4. Maonyesho yao ya Jumamosi hapo uani. Wimbo ukifika mahali pangu, umati mzima huinua mikono na kupaza sauti kwamba watu wanafanya kazi, wakati hakuna hata mmoja wao anayefanya kazi. Kisha Jumatatu wananiletea saa zisizo na kasoro, ili tu niwafokee. Kuna mmoja alirudi kulalamika kwamba nilimfokea kwa upole. Heshima yangu ya ufundi inakwenda wapi?

5. Mke wangu. Tangu tuoane namwambia apunguze redio, na hajapunguza. Sasa anaiweka santuri ile, na nikianza kufoka humo ndani, yeye hucheka mpaka anashika meza. Binti yetu wa mwisho alipoolewa, nyumba ilipoa sana, na kicheko kile nilidhani kimeondoka naye. Nafurahi kukisikia, sikufichi. Lakini hilo nalo ni kosa lao, kwa sababu sasa siwezi kuwachukia kwa raha zangu.

6. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Juzi walisafiri kwenda kufanya onyesho mji mwingine. Kimya kikatanda, kilekile nilichokuwa nakililia. Nikashika kibano, nikainamia kazi. Mara nikajikuta nimenyoosha shingo, nasubiri zamu yangu. Nikaufokea ukuta. Nikafunga duka mapema. Yaani hata ukimya wangu wameuharibu, na hakuna fundi wa kuutengeneza.

Kwa hayo yote, nakuomba kwa unyenyekevu uwatoe kabla mwezi haujaisha, kama ulivyoahidi kwa kinywa chako.

Nisalimie mama watoto, watoto wote wakubwa kwa wadogo, pamoja na mama mkwe wako, ambaye nasikia saa yake ya ukutani bado inakimbia mbele. Ailete wakati wowote, ila asiilete Jumamosi.

Wako mwenye masikio ya kuonewa huruma,

Fundi Saa, chumba cha mbele.

Tanbihi: Tafadhali usilishughulikie lalamiko hili kabla ya Jumamosi, maana wanazindua wimbo mpya na safari hii nimepewa mistari miwili. Ukija, karibu sana, ila kiti cha mbele katikati ni cha mke wangu. Na ukiwatoa kweli, ujue nami nafuata hukohuko waendako, utabaki na vyumba viwili vitupu. Jambo la mwisho: nimekuwa nikifanya mazoezi ya mistari yangu dukani, na fundi viatu wa chumba cha pili anaapa kwamba atakuandikia barua ya malalamiko. Yule hana sikio la muziki. Barua yake ikikufikia ichane, na hii yangu uichane pamoja nayo.