Volti Kumi na Mbili za Nukta

Jumatatu, 4 Machi
Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke kwetu. Dada kapiga simu. Kauliza narudi lini. Nikamjibu: jina langu likichapishwa kwenye makala ya kisayansi ya maabara ninayofanyia kazi, siku hiyohiyo nakata tiketi. Mikono mitupu sirudi. Akauliza kwani nitarudi na jina au nitarudi mifupa. Dada huyu!

Jumanne, 5 Machi
Maajabu. Ndani ya chombo kisicho na hewa kuna bamba la dhahabu, baridi kupita barafu yoyote. Tunapuliza gesi, inaganda juu yake, tabaka jembamba kuliko ukungu wa kioo. Hakuna betri. Hakuna waya unaoleta umeme. Lakini tabaka linatoa volti lenyewe! Nimechungulia nyuma ya mtambo mara mbili. Hakuna mtu.

Mwenzangu Nukta (hawezi kutaja namba bila desimali) alipewa kugandisha kwenye Kelvin arobaini; namba ya Kelvin ikishuka, baridi inazidi. Kapata volti kumi na mbili nukta tatu. Mimi nilipewa Kelvin sitini. Volti mbili! Kaniita Mzee Betri Kuukuu. Hii ni njama.

Jumatano, 6 Machi
Profesa, mama mpole, kanieleza: ukigandisha penye joto zaidi, molekuli hazijipangi vizuri, na volti zinapungua. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Mbona mimi joto ndilo linalonichangamsha?

Alhamisi, 7 Machi
Mpango! Nigandishe kwa arobaini, nipate kumi na mbili zangu, kisha nipashe polepole hadi sitini, niwaite waone. Nani atajua? Nikagandisha, kumi na mbili hizo hapo, nikawasha kipasha joto. Dada akapiga simu. Paa la nyumba ya mama, nani kaoa, nani kazikwa. Kugeuka: Kelvin sabini na tano. Volti sifuri. Nikapoza mbio hadi arobaini. Sifuri. Nikapoza zaidi. Sifuri! Tabaka lipo, bamba lipo, baridi ipo. Umeme umekwenda wapi?

Ijumaa, 8 Machi
Profesa kaona mchoro wa joto na volti uliotolewa na mashine. Kauliza nani alichezea kipasha joto. Nikaapa sijakigusa hata kwa kidole. Nukta, aliyekwisha kuukodolea macho mchoro ule kitambo kizima, akasema basi ni yeye, asamehewe. Profesa akampigia makofi! Eti ndicho alichotaka kukijua: molekuli zikishavurugwa na joto, kuzipoza hakuzirudishi kwenye mstari. Sharti ugandishe upya. Makala inatoka kwa jina la Nukta. Kosa langu, kwa mikono yangu!

Jumapili, 10 Machi
Kesho nitapasha tena tabaka, halafu nipoze upesi zaidi, molekuli zisipate nafasi ya kusahau mahali pake. Profesa naye hajui kila kitu.

Dada kauliza chumba changu kikae kimefungwa hadi lini, watoto wake wamekua. Nikamwambia awape, pamoja na kitanda kilichomo. Sitarudi.