CD Thelathini na Moja Ndani ya Flashi Moja

Jumapili, 12 Januari 2025
Leo miezi kumi na minne tangu nitoke Mutomo. Krismasi niliilia hapa mjini, Mbotela, chapati mbili, peke yangu. Binti yangu Nthambi amepiga simu. Ana miaka saba. Ameuliza mama yake alikuwa na sauti gani. Ndinda, mke wangu, alikufa mtoto akinyonya. Lakini aliimba kwaya, tena yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na kwaya ilirekodiwa. Nina CD thelathini na moja kwenye katoni chini ya kitanda. Ndinda yumo katika moja tu. Redio ya Mama yangu, anayemlea Nthambi kule nyumbani, inacheza flashi, CD haizijui. Basi nitaziingiza zote kwenye flashi!

Jumatatu, 13 Januari
Wamalwa, tunayekodi naye chumba, ana flashi ya nyimbo mia tano. Ameniambia, "Kyule, unalalia katoni kama kuku anayeatamia mawe." Nimeapa kumpita. Tatizo: zangu hazifiki mia nne. Lazima flashi ibaki na nafasi ya nyimbo zingine za kuombaomba.

Jumanne, 14 Januari
Baada ya kazi nimekwenda kwa Rispa mwenye duka la kompyuta. Nilidhani wimbo ni wimbo. Kumbe! Kuna WAV, inachukua sauti yote ilivyo. CD mbili tu na flashi yangu imejaa. Kuna MP3, hiyo inabana, na ina namba. Namba kubwa hubakisha sauti, ndogo huikata. Rispa akashauri 128, CD zote zitaenea na flashi itajaa. Tena nisikilize kabla ya kuachana na CD, kwa maana kilichokatwa hakirudi. Nikamwambia mimi ni mtu wa mjengo. Fundi anasema toroli tatu za mchanga kwa mfuko mmoja wa simiti. Sisi tunatia sita, na ukuta unasimama. Nikataka 32. Akanitazama sana. "Haya, Baba Nthambi. Ukuta ni wako."

Alhamisi, 16 Januari
Flashi tayari. Nafasi tele! Rispa ameniongezea nyimbo mia mbili za bure na kuniandikia jumla kwenye karatasi: mia tano sabini na mbili. Wamalwa amesoma mara mbili. Raha iliyoje! Kusikiliza ningelazimika kumwomba spika yake. Siombi. Mama naye analia ndege wanamaliza mtama. Majirani wananing'iniza CD kuukuu shambani, zinang'aa, ndege wanatoroka. Nimempelekea katoni nzima kwa basi, na flashi juu yake.

Jumanne, 21 Januari
Simu. Flashi imechezwa. Nthambi ameuliza, "Baba, huyu ni mama ama ni nyuki kwa mtungi?" Nikasema ni mama. Akamwambia nyanya yake azime.
Nimemwomba Mama azitoe CD shambani haraka. Haiwezekani. Amezifunga kwa waya mbili mbili zigongane kwa upepo. Siku nne za mchanga na jua. Zimechubuka kama kisigino changu. Ndege wamehama, amenishukuru sana.
Wamalwa amesikia yote. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 24 Januari
Nimebeba kokoto hadi orofa ya nne, mara thelathini. Sikuhesabu mwenyewe, msimamizi ndiye aliyesema. Nilikuwa najaribu kukumbuka sauti ya Ndinda. Nimekumbuka alivyokohoa tu.

Jumapili, 26 Januari
Ajabu! Mama aliishiwa waya, ikabaki CD moja. Ya kwaya! Ameituma na basi ndani ya gunia la ndengu, haina hata mkwaruzo. Nimeishika kama yai hadi kwa Rispa. Amesema tuweke MP3 ya 320 kwenye flashi mpya, nisikilize pale pale. Nimekataa. Mimi siyo mtu wa kufanya kosa mara mbili. Safari hii hakuna kukata hata punje: WAV! Ameuliza kama redio ya Mama inaweza kuicheza, maana redio nyingi za flashi husoma MP3 tu. Nimemwambia kitu kizima hakikataliwi na redio. Sikusikiliza. Nitasikiliza nyumbani, Nthambi akiwa mapajani. CD yenyewe nimempa kondakta wa basi airudishe kwa Mama, aitundike. Pembe ya chini ya shamba bado ina ndege.
Nafika Mutomo Jumamosi, tarehe mosi Februari, kabla ya chakula cha mchana.