Suruali Yangu ya Kupandia Pikipiki

Jumatatu, 8 Juni 1914. Rumonge.

Leo mimi Asmani nimeacha kuwa mutu wa kawaida. Bwana mmoja Mdachi, mpima barabara, ameshuka mashuani na pikipiki! Magurudumu mawili, tumbo la chuma, kelele kama askari kumi wanapiga madebe. Mama mmoja wa sokoni amekimbia akaacha samaki. Mimi sikukimbia. Nilirudi nyuma kidogo, kuipa nafasi.

Ijumaa Bwana anakwenda Usumbura, njia yote ya kando ya ziwa. Anataka kijana wa kukaa nyuma, kusukuma penye mchanga, na kusema Kirundi na wenyeji. Akifika naye salama, anamwajiri moja kwa moja. Nilisema ni mimi kabla hajamaliza kusema. Nimesoma shule ya serikali miezi mitano. Ingekuwa sita, lakini mwalimu na mimi hatukuelewana nani amfundishe nani.

Sharti iko moja. Suruali! Kanzu hapana, shuka hapana. Nguo ikipepea inaingia kwenye mkanda wa gurudumu, na mwenye nguo anaifuata. Yeye mwenyewe amevaa ya ngozi nene mpaka kwenye viatu. Alhamisi atachagua kwa kuangalia suruali, si sura. Hasara kwangu, maana sura ninayo.

Nisipochaguliwa, ni kubaki kwenye shimo la shangazi Biasha, kukanyaga chikichi mpaka mawese yatoke. Miguu yangu ni myekundu toka mwaka juzi. Sibaki!

Aruna, mutoto wa fundi cherehani, naye anataka nafasi. Ameniuliza kwa upole kama nimewahi kuiona suruali kwa karibu. Mpuuzi.

Jumanne, 9 Juni

Siku ya mimi kuchagua suruali. Nimeanza na ya gunia. Imara, ndiyo, lakini nilizunguka soko zima nikijikuna. Watu watatu wameniombea dua.

Nikajaribu ya tanga la mtumbwi. Kusimama nayo, safi kabisa. Kukaa ndiyo imekataa. Nilianguka mzimamzima kama mlango, nikalala hapo mpaka watoto wakaniinua.

Nikamwendea askari mmoja aniazime yake ya kaki. Akauliza yeye atavaa nini. Nikasema shuka yangu. Amenifukuza mpaka msikitini.

Basi, ngozi! Kama Bwana. Mchinjaji amenipa ngozi mbili za mbuzi, nami nimemuahidi zawadi ya Usumbura. Nimeshona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Manyoya nimeacha nje, kwa urembo.

Jumatano, 10 Juni

Ngozi imekauka. Nikitembea inagonga: ko, ko, ko. Aruna ameisalimu suruali kwanza, amahoro mama mbuzi, halafu ndiyo akanisalimu mimi.

Lakini kichwa iko! Ngozi inalainika kwa mafuta, na kwetu iko nini kama si mafuta? Nimechota mawese ya shangazi, mtungi nusu. Nimeloweka, nimeanika, nimeloweka tena. Mara tatu. Laini kama shavu la mutoto! Rangi kama dhahabu iliyoona haya. Mbwa saba wananifuata kila niendako. Nachukulia ni heshima.

Shangazi ameuliza mafuta yameenda wapi. Nimemjibu yameingia kwenye maisha yangu ya mbele. Akasema maisha ya mbele yanakuja na fimbo.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeshinda! Nimeshinda!

Bwana alitupeleka kwenye mteremko wa changarawe juu ya ufuko. Akasema: kaa chini, teleza, suruali ikichanika nenda nyumbani. Aruna alitangulia na turubai la hema, magoti na makalio yamejazwa sufi. Nusu ya mteremko, pwaa! Sufi hewani. Watoto waliikimbiza wakidhani ni kumbikumbi.

Mimi nikakaa. Hata sikujisukuma. Nilimpita Aruna, nikampita Bwana, nikapita katikati ya mitumbwi miwili, nikaingia ziwani. Suruali haina hata mkwaruzo! Bwana alicheka mpaka akafuta miwani. Akaninyooshea kidole. MIMI!

Aruna amenivuta pembeni, akasema chuma kile kina bomba la moshi ubavuni, linawaka kama jiko. Na wewe bwana wa mafuta, akaniambia, umejiuliza vizuri? Wivu huo.

Ijumaa, 12 Juni. Magara.

Tumeondoka mji mzima ukitazama. Nilipunga mikono yote miwili. Kosa dogo, nilishika masikio ya Bwana kujiokoa.

Raha isiyo na jina! Michikichi inakimbia kurudi nyumbani, mimi nakwenda. Kisha karibu na Magara mguu wa kulia ukapata joto. Joto zuri, la kubembeleza. Halafu nikasikia chwaaa. Harufu tamu ya kukaanga. Nikasema moyoni, kijiji hiki wanapika mapema. Tumepita kijiji, harufu tuko nayo. Ndipo nikajua chakula ni mimi.

Kwenye ufuko akina mama walikuwa wanaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mmoja, Mwanvua, alikuja na ugali mkononi, akauliza ni samaki gani. Niliruka ziwani nikitoa moshi. Mguu uko mzima, mbuzi ndiye ameiva.

Bwana akakagua. Mafuta kwenye kiti, mafuta kwenye mgongo wake, mafuta kwenye mkanda wa gurudumu; mkanda unateleza, pikipiki inanguruma haiendi. Aliusugua kwa mchanga saa nzima. Kisha akafunga gunia la ndagala mahali pangu. Nikauliza kwa nini. Akasema gunia halivuji.

Sasa hivi ndagala wanakwenda Usumbura kwa pikipiki. Mimi narudi kwa miguu.

Jumapili, 14 Juni. Rumonge.

Shimoni. Shangazi amesimama juu na fimbo yake. Aruna amepita akauliza Usumbura iko namna gani. Nikasema kubwa. Akauliza kubwa kiasi gani. Nikasema sana. Akasema basi niwasalimie ndagala. Kumbe habari ilifika kabla yangu.

Acha acheke. Nimefikiri, nimelipata kosa. Si mafuta! Mwanvua alinieleza pale ufukoni: mawese mabichi yanatoa moshi, ni lazima uyachemshe kwanza. Kila mpishi anajua. Kumbe suruali ilikuwa nzuri, ila haikuchemshwa! Bwana atarudi baada ya siku kumi. Nimeanza kuichemsha leo leo nyuma ya nyumba, moto mkali, mafuta mara mbili.

Shangazi ametoka nje kutafuta sufuria yake kubwa, wageni wako njiani. Nimemwambia iko kwenye kazi ya serikali. Amenusa hewa, amekuja mbio, ameuliza nani anapika mbuzi.

Nimemwambia asubiri. Bado mguu mmoja haujaiva.