Mikono ya Kinyozi wa Baiskeli

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Baridi. Ndiyo taabu ya kunyoa watu majumbani mwao: dakika arobaini juu ya baiskeli, begi la nyembe mgongoni. Nilipomgusa shavu Mwalimu Mkuu mstaafu, aliruka kitini. Akasema nina vidole vya maiti. Amenipa hadi Ijumaa: mikono isipopata joto, atamwita Mwavuli. Mwavuli! Kinyozi anayejikokota kwa miguu chini ya mwavuli wake! Na Mwalimu ndiye mwenyekiti wa walimu wastaafu. Akihama yeye, ndevu kumi na tisa zinamfuata. Lakini sina wasiwasi. Akili ni nywele, na nywele ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 7 Mei

Mifuko ya plastiki mikononi, nimeikaza kwa mipira. Hata tone la mvua halikuingia! Jasho nalo halikupata pa kutokea. Nimefika kwa mteja vidole vimekunjamana kama nimefua tangu alfajiri, tena vimekufa ganzi. Sharubu zake sasa ni ndefu upande mmoja. Nimemwambia ndio mtindo.

Jumatano, 8 Mei

Glavu za mke wangu, zile za kuoshea vyombo, na mafuta ya mgando ndani ili joto lisitoke. Raha ya ajabu! Kwenye mteremko nikavuta breki. Mkono ukachomoka, glavu ikabaki usukanini peke yake. Nimeingia kwenye ua wa michongoma, mimi na baiskeli. Mke wangu aliuliza kwanza hali ya glavu.

Alhamisi, 9 Mei

USHINDI! Nimekata dumu la lita tano vipande viwili, nimevifunga kwenye usukani, mikono imo ndani imetulia kama vifaranga. Mikavu! Nimeimba njia nzima. Mwavuli alikuwa kando ya barabara, suruali imelowa hadi magotini, akinikodolea macho. Dua la kuku halimpati mwewe!

Jioni mke wangu kaja na habari. Mwalimu Mkuu alinipungia mkono pale sokoni, nikapita bila kujibu. Mwalimu anasema nimeota mapembe. Jamani, mikono ilikuwa dumuni!

Ijumaa, 10 Mei

Siku yenyewe. Nikaona joto la kawaida halitamtuliza. Nikasugua viganja kwa pilipili kichaa, kisha dumuni. Nimefika vinawaka! Nikampa Mwalimu mikono yote miwili, nikaomba radhi. Akacheka. Akasema mikono ina joto la mkate mpya. Nilitaka kucheza. Nikampaka povu, nikamkanda mashavu, juu, chini, hadi puani.

Kwanza alipiga chafya. Halafu akatoka mbio na povu lake, akasimama kwenye mvua, mdomo wazi. Na nani alikuwa akipita? Mwavuli. Amemfunika, amemnawisha, amemalizia kunyoa yeye. Mimi hata sikuagwa. Imeniuma kweli.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu kaenda kuniombea msamaha. Mwalimu amekubali! Nije kesho, kwa sharti moja: kabla ya kumgusa nichovye mikono kwenye beseni la maji ya moto. Anashangaa sikufanya hivyo miaka yote, na birika la maji ya kunyolea liko mbele yangu kila siku.

Beseni! Mjinga yeyote anaweza beseni. Fundi ni fundi. Kosa lilikuwa pilipili tu. Tangawizi ni ya upole. Nimetwanga kinu kizima, nikajipaka usoni mwenyewe kwanza, maana sasa nina busara. Naandika haya kwa jicho moja.