Mbinu za Kutoruka

Jumatatu, 3 Juni

Msiba! Hajafa mtu bado, ila mimi niko njiani.

Meneja mpya kaitisha kikao saa mbili asubuhi kwenye banda la ndege, sote tumesimama na vikombe vya chai mkononi. Kasema kuanzia mwezi huu hakuna atakayewashauri wanaotaka kuruka na parachuti kama yeye mwenyewe hajawahi kuruka. Akatazama karatasi yake. Akanitazama mimi. Akauliza daftari langu la kumbukumbu za kuruka liko wapi.

Nikasema lililowa kwenye mafuriko. Akauliza mafuriko ya mwaka gani. Nikasema yale makubwa.

Ukweli niuandike hapa, maana hapa hasomi mtu. Sijawahi kuruka. Miaka sita nimekaa mapokezi ya klabu hii nikipokea simu za watu wenye hofu, nawaambia kutoka kwenye ndege ni sawa na kushuka kitandani. Bango la USIOGOPE lililoko ukutani nililiandika kwa mkono wangu. Lakini nikipanda ngazi nyumbani kubadilisha balbu, mke wangu hushika ngazi na mimi hushika ukuta.

Meneja si mkali, na hilo ndilo linalonitisha. Kaniambia kwa upole kwamba nitaruka Jumamosi, nikiwa nimefungwa kifuani mwa mkufunzi mkuu, shughuli ya dakika chache tu. Nisiporuka sifukuzwi. Nitahamia chumba cha nyuma, kusugua matope kwenye ovaroli, na kiti cha mapokezi kitapata mwenyewe mwingine.

Kiti changu! Kinazunguka! Kina magurudumu matano! Mama mkwe keshawaambia majirani wote kuwa mkwewe ni mtu mkubwa katika mambo ya ndege. Nitamwambia nini, kwamba siku hizi nafua?

Na najua nani anakimezea mate. Mkunjaji. Yule dada anayekunja parachuti, aliyekwisha kuruka mara mia mbili na nne. Kikao kizima alikuwa ananitazama mimi tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimelala vibaya, nimeamka na mbinu. Fomu yetu ya wageni naijua kichwani. Kifungu cha pili: anayezidi kilo mia haruki, mikanda haijapimwa kwa uzito huo. Mimi nina themanini na moja. Tofauti ndogo kwa mtu aliyedhamiria!

Asubuhi nimekula mkate mzima na mayai sita. Haukutosha. Nikaenda nyuma ya karakana, nikachagua mawe. Mengine mifukoni, mengine kwenye soksi, mawili makubwa kiunoni chini ya shati.

Mizani iko chumba cha kukunjia. Mkunjaji alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka mrefu, anatoa hewa kwenye kitambaa cha parachuti kwa viwiko. Nikapanda. Mia na mbili! Nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikasema hasara gani hii, na nilivyokuwa nimejiandaa. Mkunjaji alikuwa anatazama suruali yangu, ambayo ilikuwa imeanza safari. Ikafika magotini. Jiwe moja likaanguka, likabingirika mpaka kwenye mkeka wake.

Hakucheka. Ningependa angecheka. Akaliokota jiwe, akakagua kitambaa pale lilipogusa, akakivuta mbele ya dirisha akitafuta mkwaruzo. Kisha akaifungua parachuti yote, kazi ya robo saa, akaanza upya. Akasema parachuti iliyoguswa na kitu hawezi kuifunga akiwa na shaka, kwa sababu kuna mtu ataning'inia chini yake.

Mtu huyo ni mimi. Nikapandisha suruali kwa mikono miwili, mawe yaliyobaki yakigongana.

Halafu akaniambia taratibu kwamba nikitaka, anaweza kunisimulia mara yake ya kwanza ilikuwaje. Nikamwambia simu inalia. Haikuwa inalia. Mjanja sana huyu dada, anataka nimwonyeshe udhaifu wangu.

Jumatano, 5 Juni

Kifungu cha nane: aliyetoa damu haruki mpaka wiki ipite. Klabu yetu ina tahadhari hata kuliko bibi harusi. Nimekibariki kifungu hicho kwa moyo wote.

Saa ya chakula nikaenda hospitali kuchangia damu. Muuguzi akanisifu, akasema laiti wangekuwepo kumi kama mimi. Nikakunja mkono wa shati nikitabasamu. Kisha akatoa sindano.

Kilichofuata nimesimuliwa. Nilizinduka nikiwa sakafuni, miguu juu ya kiti, muuguzi ananipepea kwa jalada la faili. Hawakuchukua hata tone. Nikamwomba anipe barua ya kuonyesha nilifika pale kwa nia njema. Akaniandikia. Nikampelekea Meneja bila kuisoma, kosa langu hilo.

Barua inasema sikutoa damu, nimepimwa kikamilifu baada ya kuzimia, presha yangu ni nzuri na moyo wangu unafaa kwa kazi yoyote. Meneja kafurahi mno. Kumbe kwenye jalada langu kilikuwa kinakosekana cheti cha afya.

Alhamisi, 6 Juni

Leo siwezi kutulia hata kuandika. Herufi zinatoka nje ya mistari.

Klabu yetu ina desturi moja: mtu yeyote, hata anayefagia, akiona au akisikia kitu asichokielewa kwenye ndege, ndege inasimama. Hakuna kubishana, hakuna kumcheka. Basi saa tatu nikamwendea Fundi wa ndege, nikamwambia jana nilisikia injini ikilia kwii, kwii, upande wa kushoto. Hicho kwii nilikitunga wakati nanyoa ndevu.

Fundi hakuniuliza hata swali. Akaweka kibao chekundu kwenye usukani, akavaa glavu. Wafanyakazi kumi na wawili wa benki, waliokuja kuruka na tayari wamevaa ovaroli, wakarudishwa makwao wakinung'unika. Mimi nikajificha nyuma ya simu, roho juu juu. Nilitegemea akikosa kitu atakagua mpaka wiki ijayo.

Saa tisa akaja mapokezi. Mkononi ana kitambaa, juu ya kitambaa kuna bolti iliyopasuka. Imetoka kwenye bomba la moshi, upande wa kushoto. Akasema safari chache zaidi na moshi wa moto ungeingia ndani, kwenye watu.

Wakanipigia makofi! Mkufunzi mkuu, ambaye sote tunamwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuharakisha jambo, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema masikio kama yangu ndiyo yanayoiweka klabu hai.

Sikusikia kitu! Sikusikia kitu chochote! Ndege ile ile ndiyo ningepanda keshokutwa! Nilikwenda chooni nikakaa nimeegemea mlango.

Niliporudi Meneja alikuwa na tangazo. Bolti zote zinabadilishwa, kesho ndege itajaribiwa, na kwa heshima niliyoistahili, Jumamosi safari ya kwanza kabisa ni yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Mafunzo. Taratibu kanilaza kifudifudi juu ya meza: kifua mbele, kidevu juu, miguu nyuma. Kisha kutua: magoti juu, miguu mbele, yeye ndiye atakayekanyaga. Kanirudisha mara tisa. Nilikuwa nakosea makusudi, nikitumaini atasema mimi sifundishiki, lakini yule mzee ana subira ya kutisha.

Na kila anachonituliza nacho kinanizidishia. Akasema kuna parachuti ya akiba. Ina maana ile ya kwanza huwa inagoma! Akasema kuna kidude kinachoifungua yenyewe kama sisi tutakuwa hatujiwezi. Kwa nini tusijiweze? Nimemwuliza. Kanijibu kwa ukweli, bila kuficha, na natamani angedanganya kidogo kama ninavyodanganya mimi kwenye simu.

Lakini mwisho kanipa zawadi bila kujua. Mlangoni, kabla ya kutoka, huwa anamwuliza kila mtu: twende au turudi? Anayesema turudi anarudi na ndege, na huku chini ni marufuku kumwuliza sababu. Marufuku! Basi nimeokoka. Nitasema turudi, kisha nitatangaza mwenyewe kwamba niliona wingu baya. Nani atapinga, mbele ya masikio yaliyoisikia bolti?

Mkunjaji kaniuliza kama ningependa apande ndege pamoja na mimi. Nikamwambia asijisumbue.

Wakati wa chakula cha jioni nikamwambia mke wangu mahali hati za nyumba zilipo, endapo. Akasema anajua, yeye ndiye aliyeziweka. Akauliza endapo nini. Miaka yote hii anaamini naruka kila wiki. Nikamwambia endapo atazihitaji.

Jumamosi, 8 Juni

Niko hai. Naandika nimekaa juu ya mto wa kitandani.

Anga leo ilikuwa safi mpaka inaudhi. Taratibu akagusa kila kifungo changu chini, akakigusa tena kabla ya kupanda, akakigusa tena huko juu, midomo inahesabu. Nikajikaza kisabuni. Nikaingia ndani, nikamkuta nani amekaa mkabala nami, parachuti mgongoni? Mkunjaji.

Kupanda kulichukua dakika kumi na tano. Mdomo ulikauka hata kumeza mate sikuweza, hayakuwepo. Nikajaribu kukumbuka sura za wanangu, nikakumbuka simu ya mapokezi. Mita elfu tatu, rubani akainua mkono. Wakaviringisha mlango juu na upepo ukaingia na kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa miaka sita, maana kwenye simu haisikiki. Miguu yangu ikaning'inia nje. Chini kulikuwa na barabara nyembamba, na nilimwonea wivu kila mtu aliyekuwa anatembea juu yake.

"Twende au turudi?" Taratibu akaniuliza sikioni.

Nikageuka kusema turudi. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nikamwona Mkunjaji ananitazama, akatabasamu. Nikakiona kiti changu, yeye juu yake, anazunguka.

"Twende," nikasema.

Sijui aliyesema ni nani, lakini ni mimi niliyepelekwa. Nilimwita mama yangu. Kisha nikamwita mama mkwe, ambaye sijawahi kumwita kwa hiari. Hofu niliyokuwa nayo wiki nzima ilikuwa ya mtoto, hii ndiyo yenyewe: haina mahali pa kushika. Nilijua nitakufa, na nilijua kwamba nitakufa kwa sababu ya kiti.

Halafu parachuti ikatuvuta juu, ghafla kukawa kimya. Kimya hicho nacho sikukiamini. Nilimwuliza Taratibu mara tano kama imemaliza kufunguka. Akaniambia nitazame mandhari. Nikamwambia nimeshaiona. Wakati wa kutua nikasahau magoti, tukateleza kwa makalio yangu mpaka miguuni mwa Meneja. Nilikumbatia majani nikilia mbele ya watu, na Taratibu alilazimika kuniachisha kidole kimoja kimoja ndipo aweze kunifungua mikanda.

Akabaki amekaa kando yangu.

"Mimi naogopa mpaka leo," akasema. "Ndiyo maana nagusa kila kifungo mara tatu. Sasa na wewe unaijua hofu hiyo. Waambie watu ukweli."

Mkunjaji akaja na maji. Akasema yeye alisema turudi mara mbili kabla ya kuruka, na hakuna aliyemwuliza. Alipanda leo ili nikirudi na ndege nisirudi peke yangu. Nikamwuliza, na kiti je? Akashangaa, kiti gani? Akasema simu zinamchosha, hata ya mama yake huiacha ikilia.

Nusura nimwamini! Huyu dada ni hatari kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 10 Juni

Kiti ni changu. Nimekizungusha mara tatu kabla ya kukaa.

Meneja kaliondoa bango la USIOGOPE. Badala yake kanipa karatasi ya kuwasomea wanaopiga simu: kuogopa ni kawaida, uliza chochote, unaweza kukataa hata mlangoni na hakuna atakayekuuliza. Kasema mtu aliyelia vile ndiye hasa anayemtaka kwenye simu. Sijui kwa nini alitaja kulia. Ulikuwa upepo.

Saa nne ikaingia simu ya kwanza. Mwalimu, mama wa makamo, sauti inatetemeka. Kauliza kama wanaokataa mlangoni huchekwa. Karatasi ilikuwa mbele yangu. Lakini Mkunjaji alikuwa anapita na parachuti begani, akasimama kusikiliza.

Nikamwambia mama kwamba kwetu hajawahi kukataa mtu. Akauliza, na wewe kaka, hukuogopa? Nikacheka. Nikasema mimi idadi nimeipoteza, siku hizi njiani kushuka huwa nasoma gazeti.

Akasema basi amepata moyo, atakuja, ila kwa sharti moja: afungwe kifuani mwangu na si mwa mtu mwingine. Nikasema hilo halina shida. Nikaliandika kwenye kitabu cha miadi kwa mkono wangu.

Saa tano Meneja akakisoma kitabu. Hakukasirika, huyu mtu hakasiriki! Akaeleza kwamba kumbeba mtu kunahitaji miaka ya mazoezi na mamia ya kuruka, kwa hiyo yule mama atabebwa na Taratibu, na yeye mwenyewe atampigia simu amsomee ile karatasi. Ila alikuwa hajui kwamba nina hamu kiasi hicho. Kaniandikisha darasa la wanaoruka peke yao. Peke yao! Mlangoni mimi, mgongoni hakuna mtu! Linaanza Jumamosi.

Mkunjaji kasema parachuti yangu ataikunja yeye mwenyewe. Kisha akainama mezani, akaniambia polepole kwamba hata sasa hivi naweza kukataa, Meneja yuko pale, niende tu nimwambie.

Nikamwuliza kukataa nini.

Zimebaki siku tano. Nimempigia mwuza dawa, kwa niaba ya rafiki yangu mmoja, nikamwuliza kidole cha mguu kikivunjika hupona kwa muda gani, na kati ya vyote vitano ni kipi kinauma kidogo.