Povu la Mkwe

Jumatatu, 8 Januari

Mke wangu Stefka anarudi Ijumaa. Amepiga simu leo kutoka kwa dada yake mjini Winnipeg, alikokaa kuuguza nyonga tangu alipofanyiwa upasuaji. Daktari amemruhusu kuingia kwenye maji ya moto kuanzia wiki hii. Hakuuliza habari ya Krismasi yetu ya jana, ile ya kalenda ya wazee wetu, wala kama ninakula. Aliuliza habari ya maji. Nikamwambia yametulia kama kioo. Akasema vizuri, nipime tu, nisiguse kitu.

Nikaenda barazani kufunua jakuzi, lile beseni letu kubwa la kukaa kwenye maji ya moto. Povu! Limejaa hadi kwenye kifuniko, zito, kama la maziwa kwenye ndoo ya kukamulia.

Najua limetoka wapi. Metro. Ni jirani yetu, na mwanawe amemwoa binti yetu, kwa hiyo tunaitana mkwe. Kila jioni anakuja kukaa humo pamoja nami, na ndevu zake zimemfika kifuani, na anazipaka mafuta yenye harufu ya msonobari. Kumwingiza majini ni sawa na kuchovya ufagio.

Mimi usafi wangu hauna doa. Kaptula yangu ya kuogelea naifua kila jioni, na kwenye maji ya mwisho natia vizibo viwili vya dawa ya kulainisha nguo, ile ya buluu ya Stefka. Kisha naianika jikoni. Nyumba nzima inanukia kana kwamba yuko chumba cha pili.

Jumanne, 9 Januari

Nimenunua dawa ya kuua povu. Matone machache, chupa inasema. Nikatia robo chupa, maana povu langu si la matone machache. Likatoweka! Nilisimama kwenye theluji nikiwa na koti na kaptula, nikajiona mkemia.

Jioni Metro akaja. Tukaingia. Nikabonyeza pampu. Povu likapanda, likamfika kidevuni, likakaa juu ya ndevu zake kama limerudi kwao. Yeye akaendelea kunisimulia habari za trekta la mpwa wake. Nikamwuliza kwa upole kama ndevu hizo huwa anaziosha. Akanijibu kwamba anaziosha kuliko ninavyoosha kichwa changu.

Alipoondoka nikapima maji. Kijikaratasi kikageuka rangi, lakini chini ya taa ya njano ya barazani rangi zote ni ndugu. Nikaamua maji yana asidi nyingi. Nikatia magadi. Yakawa meupe kama uji. Nikatia asidi ili kuyarudisha. Yakaanza kuwasha macho. Stefka hutia kidogo, akafunika, akangoja kesho. Hizo kesho anazo yeye. Mimi Ijumaa inanikimbilia.

Jumatano, 10 Januari

Leo nimefanya uchunguzi wa kisayansi. Nilimpigia Metro simu nikamwambia pampu imeharibika. Uongo mdogo. Kisha nikaingia peke yangu, nikiwa na kaptula safi kabisa, niliyoipa vizibo vitatu kwa heshima ya uchunguzi. Povu lisipotokea, mkosaji ni Metro.

Likatokea. Kubwa kuliko la jana! Nikafikiri sana. Hitimisho: mafuta ya ndevu yamejificha ndani ya mabomba. Mkosaji ni Metro, hata asipokuwepo.

Nilikaa humo muda mrefu. Nywele zikashika barafu. Bila Metro hakuna anayesema neno, na bila Stefka hakuna anayenikatiza. Nimegundua kwamba tangu aondoke huwa naongea kwa sauti humu ndani, kisha nasubiri aniambie nimekosea. Ukimya huo unauma. Nilitaka akirudi akute kitu kimoja nilichokitunza. Maua yake ya dirishani yamekufa. Paka amehamia kwa Metro. Yamebaki maji.

Nikatoka, nikampigia Metro tena, nikasema ukweli. Pampu ni nzima. Tatizo ni ndevu. Akaniaga kwa adabu. Metro aliacha kunyoa mwaka aliofariki mkewe, Natalka. Hilo nilikumbuka nikiwa nimeshakata simu.

Alhamisi, 11 Januari

Nimeamua kumwaga nusu ya maji na kujaza mapya. Baridi ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Hapa mjini Dauphin kila mtu anajua kwamba jakuzi halimwagwi Januari. Lakini si kila mtu ana mke anayerudi kesho.

Nikalaza mpira wa maji ubavuni mwa nyumba, nikaingia ndani kunywa chai. Nilipotoka, njia yote kutoka mahali pa gari hadi mlangoni ilikuwa barafu tupu, laini, inang'aa. Njia ya Stefka! Na nyonga mpya! Nikapiga hatua moja kuikagua, nikajikuta nimekaa.

Nikiwa bado chini, mzee nisiyemjua akaingia uani na ndoo mbili. Kidevu chake kilikuwa cheupe kama unga uliokandwa. Alipofungua mdomo ndipo nikamtambua.

"Mkwe, nimekuletea majivu ya jiko," akasema. "Stefka atapita wapi kesho?"

Hakutaja ndevu. Tulinyunyiza majivu hadi mlangoni, yeye mbele, mimi nyuma, na kila alipogeuka niliona ile sura niliyoiona mara ya mwisho Natalka akiwa hai. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kishimo kidevuni. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwomba ndoo ya pili.

Jioni maji yakawa yamepata moto. Nikamkaribisha, kwa sababu sasa hatukuwa na sababu ya kutokaribishana. Tukaingia wawili, nikabonyeza pampu. Povu likaja, jeupe, likatuzunguka mabegani. Metro akalitazama. Akanitazama mimi. Akajishika kidevu. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 12 Januari

Stefka amefika. Alipita juu ya majivu, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwa Metro, maana mimi nilibeba mizigo na sifa yangu ya kuanguka ilikuwa imeshaenea. Katikati ya njia alisimama, akamgusa Metro shavu. Akamwambia Natalka angefurahi kukiona tena hicho kidevu. Metro akageuka kutazama mapipa ya taka, na akayatazama kwa muda.

Kisha Stefka akataka kuona maji. Nikaanza kumweleza habari ya mabomba. Akafunua, akainama kidogo, akanusa. Akanusa tena. Akaenda jikoni, akaitoa kaptula yangu kwenye kamba, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto na kuikoroga kwa upawa wa supu yetu ya borshi. Povu! Jikoni kwangu, mbele ya Metro.

"Orest," akasema, "hili povu umekuwa ukilivaa."

Metro alicheka hadi akashika meza. Kwa mtu aliyepoteza ndevu, alicheka vizuri. Nikajitetea kwamba dawa ile ya buluu inanukia kama yeye. Stefka akaweka upawa chini. Akasema ile ni ya mashuka tu, tena kizibo kimoja. Halafu akaniwekea mkono begani, akauacha hapo, hata wakati ananiambia nikamwage maji yote, nioshe chujio, na safari hii nielekeze mpira nyuma ya ghala, kule asikopita mtu.

Nilimwuliza kwa nini hakunikasirikia. Akasema alikasirika, ila amechoka na njia ilikuwa ndefu.

Jumamosi, 13 Januari

Funzo: kilichoko mwilini kinaingia majini. Nimeliandika kwa herufi kubwa hapa ndani ya jalada. Sitalisahau maishani.

Leo ni Malanka, mkesha wa mwaka mpya wa kalenda ya wazee wetu, na usiku huu tumezoea kuingia majini pamoja, zamani tukiwa wanne. Stefka alipima maji mapya mchana, dirishani, penye mwanga wa kweli. Akatia kitu kidogo, akafunika, akaenda kukunja unga wa pyrohi, zile sambusa zetu za kuchemsha, akiwa ameketi. Nilitaka kuongezea kidogo. Akaniambia nikae. Nikakaa. Baada ya saa moja akapima tena, na rangi zikawa zile anazozitaka. Maji yanang'aa hadi chini. Nimeviona vidole vyangu vya miguu, na vimezeeka.

Kinachoniuma sasa ni kidevu cha Metro. Kimefichwa miaka yote, halafu kimetolewa nje kwenye baridi ya Januari kwa ajili ya kosa langu. Kimepasuka, kimekuwa chekundu, akicheka kinatoa damu. Ndevu siwezi kumrudishia. Lakini kumlinda naweza.

Nimekwenda dukani, nikamnunulia mkebe mkubwa kuliko yote wa mafuta ya kujipaka, yale mazito ya kondoo, yenye asali na maua ya zambarau. Nikampelekea kwake. Nikamwomba radhi, kwa mdomo wangu, bila kuzunguka. Nilisema nilimshuku bure, na kwamba nilipaswa kumkumbuka Natalka kabla ya kushika simu. Machozi yakanilengalenga. Akasema yameisha, mkwe. Paka alikuwa amelala mapajani mwake na hakuonyesha kunitambua.

Akasema pia mafuta yale yanaonekana mazito. Nikamwambia asibanie. Ajipake kidevu, mashavu, masikio, shingo yote, ashuke na mabegani, tena arudie kabla ya kuja. Amenisikiliza. Amefika sasa hivi, anang'aa chini ya taa ya barazani.

Stefka yumo majini tayari. Namwona kwa dirisha la jikoni. Ameegemeza kichwa, amefumba macho, na uso wake hauna tena ile mikunjo ya maumivu aliyoondoka nayo. Sijamwona hivyo tangu majani yalipopukutika. Maji yametulia kabisa kumzunguka. Metro anapanda ngazi ya jakuzi.

Kaptula yangu nimeisuuza mara tatu kwa maji matupu. Safari hii hakuna wa kunilaumu. Nimejipaka na mimi mafuta kidogo, kifuani na mgongoni, ili Metro asijione yuko peke yake. Naenda kuwabonyezea pampu.