Kuhusu Pole Ninazopewa Nyuma ya Goli

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Michezo ya Vyuo,

Shikamoo Shangazi. Baada ya salamu hiyo naomba undugu tuuweke pembeni, maana juzi nilipokueleza jambo hili jikoni kwako ulicheka mpaka ukakalia ndoo, na malalamiko halali hayachekwi. Sasa nakuandikia rasmi, kwenye karatasi yenye mistari, nikiwa mlinda mlango wa Chuo cha Ualimu. Nakala nimebaki nayo.

Kanuni za kamati yako zinasema huduma ya kwanza itolewe na Chuo cha Uuguzi, majirani zetu wa ng'ambo ya barabara na watani wetu wa jadi, na kwamba mhudumu akae kwenye kiti nyuma ya goli la wageni. Tangu uwanja wetu uanze kukarabatiwa tunachezea kwao, kwa hiyo wageni ni sisi siku zote. Kiti hicho msimu huu kimekaliwa na nesi mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye sanduku jeupe na sauti ndogo. Mapumziko yakifika, kanuni yako humtaka abebe kiti avuke uwanja mzima ili aendelee kuwa nyuma yangu. Dhidi yake nina mashtaka yafuatayo.

1. Hashangilii. Mtani akikufunga anapaswa kupiga filimbi, kucheza, na kukuita majina. Hayo nimeyazoea na majibu yake ninayo. Wenzake hunifanyia hivyo kwa uaminifu mkubwa. Siku hizi wananiita Pazia, kwa kuwa mpira ukija napeperuka. Lakini mechi iliyopita tulipofungwa bao la kwanza, huyu alisema tu, "Pole." Nikabaki nimeshika nyavu, sijui neno hilo nilipeleke wapi. Mtu hajifunzi kujikinga na pole.

2. Pole hudai jibu. Wewe mwenyewe, Shangazi, ndiye uliyenilea nikijua kwamba mtu akikupa pole usimkalie kimya kama gogo. Nikageuka, nikamwambia asante, nimeshapoa. Nilipokuwa nasema hivyo mpira ulikuwa umeshaanzishwa katikati, wenzangu wakaupoteza, na mshambuliaji wao mrefu tunayemwita Ngazi akauona mgongo wangu. Alipiga kutoka mbali, bila haraka. Bao la pili lilinikuta katikati ya adabu. Mwamuzi amelikubali, nami naomba ufafanuzi kama kanuni zinamlinda kwa namna yoyote mchezaji aliyelelewa vizuri.

3. Pole zenyewe hazitulii, zinapanda. Nasomea ualimu wa Kiswahili, na neno likibadilika masikioni mwangu siwezi kuliacha lipite. Bao la kwanza lilikuwa "Pole." La pili, "Pole sana." La tatu, "Pole tena jamani." La nne aliniambia "Pole na kazi," kama mtu aliyenipitia nyumbani akanikuta napasua kuni. Hapo nakiri mbele ya kamati kwamba, kwa sababu za kitaaluma tu, nilitamani kuisikia ya tano. Tukafungwa la tano. Akasema, "Pole mwenzangu." Nimelitafuta neno hilo katika kamusi tatu za maktaba, na hakuna hata moja inayosema mwenzangu anaweza kuwa kipa wa timu pinzani. Ama kamusi zina upungufu, ama huyu nesi ana jambo.

4. Afya yangu. Baada ya mechi hiyo alikuja na sanduku lake, akauliza ni kidole gani kinauma. Nikampa kilichokuwa karibu naye. Alikifunga bandeji safi mno, na leo ni siku ya kumi na moja sijaifungua, kwa sababu sitaki kuharibu kazi ya mtu. Chaki sishiki. Wiki iliyopita nilifanya mazoezi ya kufundisha kwa kunyoosha kidole ubaoni, na mkaguzi ameandika kwamba nina ishara nyingi kuliko maneno. Kidole, kwa taarifa ya kamati, hakikuwahi kuuma.

5. Jina langu. Kocha ameniuliza mbele ya timu nzima, "Wewe unadaka mipira au unapokea wageni?" Mtu ameandika KARIBUNI kwa chaki kwenye mwamba wa goli, tena kwa mwandiko mzuri, kwa hiyo ni mwalimu mwenzetu. Nahodha anasema nimenunuliwa. Angejua kwamba nimepatikana bure, angekasirika zaidi.

Sasa Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho ya msimu, na ni wao tena. Nimeambiwa waziwazi kwamba nikifungwa kizembe dakika za mwanzo, glavu nampa kipa wa akiba, mtu ambaye hata funguo ukimrushia zinamponyoka, kisha mimi nikakae benchi. Benchi letu liko pembeni, katikati ya uwanja. Nimepima kwa hatua: kutoka hapo mpaka kile kiti ni hatua sitini na nne. Umbali huo pole haifiki, hata upepo ukisaidia. Mwezi ujao nesi anapelekwa mazoezini hospitali ya mbali, na sina mechi nyingine. Sentensi hizi mbili tatu za mwisho zisomwe kama takwimu.

Kwa hayo yote naomba kamati yako tukufu ifanye mojawapo ya haya: imhamishe mlalamikiwa akae nyuma ya goli jingine, au imwamuru ashangilie kama binadamu wengine, au, ikishindikana, itamke kwamba neno pole ndani ya mita tano za lango ni kosa la kadi ya njano. Nimekaa na jambo hili mwezi mzima, Shangazi, na limeninyima usingizi na kunipa magoli kumi na mawili.

Nakutakia kazi njema na maamuzi ya haki. Wasalimie binamu zangu wote, mkubwa mwambie kitabu chake ninacho, na bibi mwambie nakula vizuri.

Ni mimi, mpwa wako na mlinda mlango halali mpaka Jumamosi.

Tanbihi: Nimefika ofisini kwako kuileta barua hii, nikakuta umetoka. Karani wako, ambaye siri kwake ni maji kwenye pakacha, ameniambia kwamba ipo nyingine mezani, imeletwa asubuhi kutoka ng'ambo ya barabara. Akanisomea dirishani. Nesi naye anaomba aondolewe nyuma ya goli langu. Hakuweka nambari. Ameandika tu kwamba wenzake wanamshtaki hajashangilia bao hata moja la chuo chao tangu mwezi uliopita, kwamba shtaka ni la kweli, na kwamba bao lile la tano lilimuuma kuliko aliyefungwa.

Basi Shangazi, yangu ichane. Ya kwake usiichane, niwekee. Yeye abaki palepale, ombi lake ulikatae kwa barua nzuri yenye muhuri. Bandeji naifungua leo ili nidake kwa vidole vyote kumi. Jumamosi sitaki kupewa pole hata moja. Filimbi ya mwisho ikilia nitavua glavu niende mwenyewe mpaka kwenye kiti, nione tutazungumza nini siku ambayo hakuna aliyeumia. Kocha usimwambie, lakini sare itatutosha.